Suti ya mistari "kama ya Njonjo" kwa fundi wa hapa Nakuru: rivyu yangu sasa mzee ameivaa

Naandika hii nikiwa sebuleni kwa mzee na suti yenyewe imening'inia hapo kwa mlango na hanga, ju nilisema siandiki kitu kabla ivaliwe siku nzima, ikae kwa matatu masaa matatu mpaka Nairobi, ikaliwe, ipigwe jua, irudi tena Nakuru usiku, ndio nijue kama fundi alifanya kazi ama alitupamba tu. Sasa imevaliwa. Imeenda drai klina mara moja pia. Niko tayari kuongea.

Stori ilianza hivi. Dada yangu mdogo alikuwa anaapishwa kuwa wakili, ile sherehe ya mbele ya Jaji Mkuu, na mzee wetu alikuwa mkalimani wa korti hapa Nakuru kuanzia 1973 mpaka akastaafu, kwa hivyo hiyo siku kwake ilikuwa kubwa kuliko harusi yake mwenyewe na hiyo ameisema mbele ya mama. Tukamuuliza mzee utavaa nini, tukidhani atasema ile koti yake ya kijivu ya kanisa. Akasema, "Nataka suti ya Njonjo." Bila kufikiria hata kidogo, ni kama amekaa nayo kwa roho miaka hamsini.

Kwa wale wadogo wenye hamjui, Charles Njonjo ndiye alikuwa mwanasheria mkuu wa kwanza wa Kenya huru, kuanzia 1963 mpaka akatoka kwa hiyo kiti 1980, yaani serikali yote ya Mzee Kenyatta na kipande ya mwanzo ya Moi, alafu akawa mbunge wa Kikuyu na waziri wa mambo ya katiba. Mtoto wa chifu mkubwa wa Kabete, amesoma Alliance, akaenda Budo kule Uganda, Fort Hare kule Afrika Kusini, akamalizia sheria Uingereza. Na suti zake ndio zilimfanya hata mtu hajui kusoma amjue: vipande vitatu, kitambaa cheusi ama bluu ya giza na mistari myembamba, cheni ya saa, na ua kwa kola. Za kushonwa London. Watu walikuwa wanamuita Sir Charles na hakuwa Sir wa mtu yeyote.

Sasa hiyo suti huwezi pata dukani. Niliuliza maduka matatu ya Kenyatta Avenue, wananionyesha suti za kubana, suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu, mzee wa miaka sabini na kitu atavaaje hiyo. Mitumba nayo unapata koti poa lakini hafukoti, kile kizibao cha ndani, haipo, ama suruali ni ya rangi ingine. Ndio nikarudi kwa huyu fundi.

Yuko gorofa ya kwanza kwa nyumba ya zamani nyuma ya Kenyatta Avenue ukishuka upande wa soko, unapanda ngazi za mbao, unapita wamama wa nywele, alafu mwisho wa korido unasikia cherehani. Bango hana. Ana cherehani tatu za kukanyaga na moja ya stima, pasi ya makaa anaiweka tayari ju stima ikipotea kazi haisimami, na ukuta wote umejaa picha za watu amewashonea, zingine zimefifia huwezi jua ni nani. Ni mtu wa Kisumu, amezaliwa huko na akajifunza kazi huko kwa duka la Muhindi akiwa kijana kabisa, na hapa Nakuru amekaa zaidi ya miaka thelathini. Mzee amekuwa akimpelekea suruali za kupunguza na zipu za kubadilisha miaka mingi lakini suti nzima hii ndio ya kwanza.

Kitambaa tulinunua wenyewe, mita tatu na nusu kwa 1,600 kila mita, bluu ya giza yenye mstari mwembamba mweupe. Fundi alikishika, akakikunja kwa ngumi, akaachilia akaangalia kama kinarudi, ndio akakubali. Kushona alitaka 9,000 pamoja na bitana, vifungo na zile pedi za mabega. Nilitoa nusu. Jumla ilikuja 14,600, na mimi naona hiyo ni bei ya haki kwa kitu kama hii, usiende hapo ukitaka kuteremshiwa mpaka ya kaunda suti.

Siku ya vipimo ndio mzee alianza kuongea, na hapa nitakaa kidogo ju mimi nimeishi na huyu baba na sikuwa nimewahi sikia hii yote. Fundi alimuuliza kitu ya kawaida tu, mzee wangu kwa nini Njonjo, si kuna watu wengi walivaa vizuri. Mzee akasema, "Fundi, mimi nilikuwa hapa Nakuru 1976."

Kama hujui ya 1976, ni hivi. Katiba ya wakati huo ilisema rais akifa, makamu wake anashika kiti siku 90 alafu uchaguzi unaitwa. Mzee Kenyatta alikuwa amezeeka na makamu alikuwa Moi, na kuna wakubwa walikuwa hawataki kabisa Moi apate hata hizo siku 90. Wakaita mkutano mkubwa wa kutaka katiba ibadilishwe, na huo mkutano ulikuwa hapa hapa Nakuru, mwisho wa Septemba 1976, mwanasiasa Kihika Kimani akiwa mstari wa mbele, na wanasiasa wenzake kina Njoroge Mungai na Paul Ngei. Mzee wetu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, anatafsiri kortini asubuhi, mchana anasikiliza watu wakiongea kwa korido kwa sauti ya chini. Anasema mji ulikuwa na joto, watu wa makabila walianza kuangaliana vibaya kwa foleni ya chai. Alafu mwanzoni mwa Oktoba Njonjo akatoa taarifa fupi, kwamba kulingana na sheria ya makosa ya jinai, mtu yeyote akiwaza, akipanga ama akikusudia kifo cha rais au kuondolewa kwake, hilo ni kosa na adhabu yake ni kunyongwa. Basi. Karani mkubwa wa korti aliisoma kwa gazeti mbele ya wenzake na mzee anasema hakuna mtu alimalizia chai yake. Zile mikutano zikaisha, hivyo tu, hakuna risasi, hakuna mtu alipigwa Nakuru.

Na miaka miwili baadaye, tarehe 22 Agosti 1978, Kenyatta akafa Mombasa, Moi akiwa kwake Kabarak hapo juu, akatoka Nakuru kwenda Nairobi na akaapishwa siku hiyo hiyo. Siku 90 zikaheshimiwa. Mzee akasema karatasi moja ya Njonjo ndio ilifanya yeye asione damu kwa hii mji akiwa na mtoto mchanga, na mimi ndio huyo mtoto, kwa hivyo wacha avae mistari yake.

Fundi alikuwa anaandika vipimo kwa daftari, hakusema kitu.

Dada yangu ndiye alikuja na mambo ingine fiting ya kwanza. Huyo amesoma sheria juzi na iko moto kichwani. Koti lilikuwa limeshikwa na pini, mkono mmoja tu ndio umeunganishwa, mzee amesimama kama msalaba, na yeye akaanza: baba, hiyo taarifa ya 1976 iangalie tena. Watu walisimama kwa mkutano wakasema katiba ibadilishwe, hiyo si kosa, mwananchi ana haki ya kusema hivyo hata kama sababu yake ni mbaya. Njonjo hakuwajibu kwa hoja, aliwatisha na kamba. Na alichukua neno "kuwaza" akalitumia kama mtego, sasa nani atathibitisha wewe ulikuwa unawaza nini. Leo imemzuia mtu mbaya, kesho inamzuia mtu mzuri.

Aki hapo nilitaka kumwambia anyamaze ju mzee alikuwa amefurahi, lakini alikuwa anasema ukweli na nafikiri hata mzee alijua.

Akaendelea. Mwanasheria mkuu wa wakati huo si kama wa sai. Alikuwa anashauri serikali, anakaa kwa baraza la mawaziri, anaingia bungeni, na yeye ndiye anaamua nani ashtakiwe na kesi ya nani ifutwe. Kofia zote kwa kichwa kimoja. Ndio maana katiba ya 2010 iligawanya, mwanasheria mkuu akabaki na kifungu cha 156 kama wakili wa serikali, na mashtaka yakapelekwa kwa ofisi ingine peke yake kwa kifungu cha 157, na huyo wa mashtaka hawezi futa kesi bila ruhusa ya korti. Njonjo hakuhitaji ruhusa ya mtu. 1966 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais, alipotoka chama tawala cha KANU akaanzisha chama chake cha KPU na wabunge wakamfuata, katiba ilibadilishwa haraka haraka kwamba ukihama chama lazima urudi kwa uchaguzi, na mwanasheria mkuu alikuwa nani? Sheria za kufunga watu bila kesi zilitetewa na nani? Na Juni 1982, ile bili ya kufanya Kenya iwe ya chama kimoja, kile kifungu cha 2A, nani aliipeleka bungeni akiwa waziri wa mambo ya katiba? Ni huyo huyo wa ua kwa kola. Ilibidi tungoje mpaka Desemba 1991 ndio kitolewe, mwanasheria mkuu akiwa Amos Wako, mtu wa huku magharibi.

Mzee akamjibu kitu moja tu. Akasema, wewe hukuona korti yenye mimi nilianza nayo. Jaji mzungu, wakili Muhindi, mshtakiwa mwafrika, na mimi katikati nabeba maneno. Alafu unasikia bosi wa sheria ya nchi yote ni mtu mweusi, anaingia na saa yake ya cheni, na wazungu wanasimama. Dada akasema polepole, baba lakini huyo ndiye alikuwa akipendelea wazungu wabaki kwa hizo kazi za korti, Jaji Mkuu alikuwa Sir James Wicks mpaka 1982. Hapo mzee hakujibu.

Sasa fundi. Fundi ndio alishangaza kila mtu, alikuwa amepiga magoti anaangalia pindo la suruali, hakuinuka, akasema, "Mzee wangu, 1969 mimi nilikuwa darasa la tatu Kisumu." Akasema alipelekwa na kaka yake mkubwa kuona Mzee Kenyatta akifungua ile hospitali tunaita Russia, ilikuwa tarehe 25 Oktoba, watoto wa shule walikuwa wengi kando ya barabara. Wakubwa wakarushiana maneno kwa jukwaa, Kenyatta na Jaramogi, umati ukachafuka, alafu risasi. Anakumbuka kiatu kimoja chake kilibaki na hakurudi kukitafuta. Watu walikufa na wengine walikuwa watoto. Siku chache baadaye Jaramogi na wenzake wakawekwa kizuizini na KPU ikapigwa marufuku, na hakuna mtu alimfikisha Jaramogi mbele ya korti kumuuliza kosa lake ni gani. "Mkubwa wa sheria alikuwa huyo," fundi akasema, na akaendelea kuweka pini.

Nyinyi mnajua venye wazee hunyamaza. Mzee alikaa chini na lile koti la mkono mmoja, pini zote zimemshika, akamwambia fundi keti pia. Miaka yote hiyo anapeleka suruali hapo na hakuwa amewahi muuliza alitoka Kisumu lini na kwa nini. Wakaongea karibu saa nzima, mambo ya Kisumu ya zamani, yule Muhindi aliyemfundisha kazi, kaka yake ambaye alishafariki. Mimi na dada tulienda kununua chai tukaachana nao. Tuliporudi nikamuuliza mzee kama tubadilishe, tutoe mistari, atengenezewe kitu ingine, na fundi ndiye alikataa. Alisema kitambaa kimeshakatwa na ni kizuri.

Sasa nirudi kwa kazi yenyewe ju hii ni rivyu.

Kitu ya kwanza utaangalia kwa suti ya mistari ni kama mistari inakutana. Ukiona suti ya haraka, mstari wa mfuko unaruka wa koti, mgongoni unapinda kama barabara ya Menengai, begani hakuna kitu inashikana na kingine. Hii ya mzee, kifuniko cha mfuko ukikishusha hauoni kimeanza wapi, mstari unapita moja kwa moja. Begani nyuma imekutana. Kwa mshono wa katikati wa mgongo imekutana mpaka chini. Hiyo inamaanisha alitumia kitambaa zaidi kwa kukata na hakutuambia tuongeze, alijipanga mwenyewe. Hapo ndio nilijua huyu mtu alifundishwa kazi.

Ndani ya kifua hajatumia kile kitambaa cha kubandika na pasi ambacho kikienda drai klina kinafura maputo. Ameshona kwa mkono. Imerudi drai klina iko sawa kabisa, nimeipapasa yote. Hafukoti iko na mfuko mdogo wa saa na kishimo cha cheni, mzee hana cheni lakini mfuko upo. Suruali ina marinda mawili mbele na pindo limekunjwa nje, vile wazee wanapenda.

Na kwa kola, upande wa kushoto, ametoboa tundu la kifungo la ukweli, limezungushwa uzi kwa mkono, na nyuma yake ameweka kitanzi kidogo cha uzi cha kushika shina la ua lisianguke. Sikuwa najua hiyo kitu iko duniani. Hakuna mtu alimuitisha. Alisema suti ya namna hiyo bila kitanzi ua linalegea kabla ya saa sita.

Kasoro ziko na nitazisema. Aliahidi wiki mbili na ilichukua karibu tano. Wiki ya tatu simu hakuwa anashika, nikaenda mara mbili nikakuta mlango umefungwa, kumbe alikuwa na matanga nyumbani Kisumu, na hiyo mtu anaelewa lakini angetuma hata ujumbe tu, ju sisi tulikuwa tunahesabu siku za kuapishwa na mama alikuwa ameanza kupiga pasi ile koti ya kijivu. Suruali ya kwanza kiuno kilikuwa kidogo, mzee akikaa kifungo kinalia. Alikirekebisha tukiwa tumesimama hapo na hakuitisha pesa. Na bitana ya mkono wa kulia ilikuwa inavuta kidogo, mzee aliigundua siku yenyewe akiinua simu kupiga picha. Ilirekebishwa baadaye.

Siku ya kuapishwa tulitoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri. Mzee alikataa kuvaa koti kwa gari, akalishika mapajani limekunjwa ndani nje mpaka Nairobi. Ua alikuwa nalo kwa chupa ya maji, waridi jekundu. Njiani tukipita Naivasha akaanza kumuuliza dada, na Njonjo mwenyewe mwisho wake ulikuwa gani kisheria, yaani alishtakiwa ama? Nikaona kumbe amekuwa akiifikiria. Dada akamwambia, Mei 1983 Moi alisimama Kisii akasema kuna mtu anaandaliwa na nchi za nje achukue serikali, hakumtaja jina, lakini bungeni vidole vikaenda kwa Njonjo. Akatoka kwa uwaziri, akatoka bungeni, ikaundwa tume ya majaji chini ya Jaji Miller ikamchunguza mambo yake yote, na tarehe 12 Desemba 1984 Moi akamsamehe. Hakufikishwa kortini. Na chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, ile sheria aliyoipeleka bungeni mwaka mmoja kabla, ndicho kilimgeuka, na hakukuwa na chama kingine cha kukimbilia.

Mzee akasema, "Kwa hivyo hata yeye hakupata kesi." Dada akasema hapana baba, hakupata. Mzee alikaa kimya mpaka Limuru.

Baadaye Njonjo alirudi rudi kidogo, 1998 Moi mwenyewe akamfanya mwenyekiti wa bodi ya shirika la wanyamapori, akaishi mpaka miaka 101, akafa tarehe 2 Januari 2022 na akachomwa siku hiyo hiyo Kariokor, Nairobi, kama alivyotaka, kabla watu wengi hata hawajasikia. Mzee anasema hiyo ya kuchomwa bila matanga ndio hawezi kumsamehea.

Basi siku ya kuapishwa mzee alivaa suti. Alivaa na ua. Mawakili wadogo walikuwa wanamuuliza ameshona wapi na jaji mmoja mzee alimpita alafu akageuka kuangalia nyuma. Dada alipotoka amevaa joho lake, mzee alimsalimia kwa mkono kwanza kama mtu wa korti, ndio akamkumbatia, na waridi likakaa pale pale kwa kitanzi halikuanguka.

Mimi maoni yangu kuhusu Njonjo yamehamia kwa dada zaidi. Hiyo ya 1976 namshukuru na sitaiondoa, mimi ndio nilikuwa mchanga hapo. Lakini nikimfikiria fundi na kiatu kimoja barabarani Kisumu, siwezi tena kumuita mlinzi wa sheria nikanyamaza hapo. Mzee mwenyewe sai akiulizwa ni suti ya nani anasema ni ya fundi wa Kisumu.

Ukitaka kwenda, panda hizo ngazi asubuhi kabla ya saa nne, mchana anakuwa na watu wa yunifomu za shule na hatakusikiliza. Januari usijaribu kabisa. Kitambaa nunua wewe, na kama ni cha mistari ongeza robo mita hata kama hajakuambia. Mpe tarehe ya wiki mbili kabla ya siku yako ya ukweli na umkumbushe kila wiki. Analipwa kwa Mpesa ama mkononi. Mwambie akuwekee kitanzi, yeye anajua ni gani, na umuulize habari za nyumbani. Mimi nimempelekea kitambaa changu Jumatatu, kijivu, bila mistari.